Wokovu ni zawadi: tusiuhubiri kwa vitisho wala kwa pakiti ya unga

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nichangie mjadala unaoendelea humu kuhusu wahubiri wa feri ya Likoni na wa vituo vya matatu hapa Mombasa. Msomaji mmoja alitaka serikali iwapige marufuku wote, akamalizia kwa methali kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwingine, ambaye kwa maneno yake mwenyewe ni mhubiri, akamjibu kwamba yeyote anayekerwa na mahubiri hayo anapigana na Mungu. Mimi ni mzee wa kanisa la Kianglikana na nimefundisha darasa la kipaimara hapa Kisauni kwa miaka mingi, kwa hiyo msomaji asinitarajie nisimame kando ya jambo hili kama refa. Naamini kwamba kuishuhudia imani ni wajibu wa kila Mkristo, na kwa sababu hiyohiyo naona kwamba mhubiri yule ameitetea kazi njema kwa hoja mbaya.

La marufuku nalimaliza upesi. Kifungu cha 32 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kuidhihirisha dini yake, akiwa peke yake au pamoja na wenzake, faraghani au hadharani, kwa ibada na kwa mafundisho. Kifungu hichohicho kinakataza mtu kulazimishwa kutenda jambo lililo kinyume na imani yake. Haki hiyo ni ya sheikh anayetoa mawaidha barabarani kama ilivyo ya mhubiri wa feri, na siku itakapoondolewa kwa mmoja haitabaki kwa mwingine. Kama tatizo ni kelele, kanuni za kudhibiti kelele zipo tangu 2009, nazo zinavihusu vipaza sauti vya makanisa sawa na vya vilabu vya muziki. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Ama ile methali, inafaa sana kwa bidhaa, ila Yesu hakuwaambia wanafunzi wake wakae nyumbani wangoje wateja. Aliwaambia waende kwa mataifa yote, na Mkristo anayekaa kimya kwa kuogopa kuonekana mshamba hajaitii amri hiyo.

Lakini waende na nini, na waendeje? Hapo ndipo ninapotaka kukaa.

Mafundisho ya Kikristo juu ya wokovu, yakifupishwa, yanasema kwamba mwanadamu ametengana na Mungu kwa sababu ya dhambi, kwamba hana uwezo wa kujirudisha mwenyewe, na kwamba Mungu ndiye aliyeanza kumtafuta, akamtoa Kristo afe na kufufuka kwa ajili yake. Mtume Paulo aliwaandikia Waefeso: "Kwa maana mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, ambayo hiyo haikutokana na nafsi zenu, ni kipawa cha Mungu, wala si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu." Mstari unaofuata, ambao wahubiri wengi hawaufikii, unaongeza kwamba tuliumbwa katika Kristo Yesu tutende matendo mema. Matendo yapo basi, ila yanakuja nyuma ya neema, hayaitangulii. Zakayo, mtoza ushuru wa Yeriko, aliahidi kurudisha mara nne alichodhulumu baada ya Yesu kukubali kuingia nyumbani mwake. Hakuambiwa alipe kwanza ndipo atembelewe.

Juu ya mengine hatukubaliani, na sioni haya kulisema mbele ya wasomaji wasio Wakristo. Ndugu zetu Wapentekoste hutaja siku na mahali walipookoka. Sisi Waanglikana, pamoja na Wakatoliki na Walutheri, hubatiza hata watoto wachanga, tukiamini kwamba neema ya Mungu hutangulia ufahamu wetu, na tunauona wokovu kuwa mwendo wa maisha yote, wenye kuanguka na kuinuka. Hata hivyo, kwenye shina la jambo hili tumesogeleana kuliko waumini wengi wanavyodhani. Swali la imani na matendo, ambalo liliwagawanya Wakristo wa Ulaya katika karne ya 16, lilitolewa tamko la pamoja mjini Augsburg, Ujerumani, tarehe 31 Oktoba 1999, Kanisa Katoliki na Walutheri wakikiri kwamba mtu hukubaliwa na Mungu kwa neema tu, kwa kuiamini kazi ya Kristo, wala si kwa stahili yake. Wamethodisti walijiunga na tamko hilo mwaka 2006, na makanisa yanayofuata mapokeo ya Calvin, mwanamageuzi wa karne hiyo ya 16, mwaka 2017.

Sasa, ikiwa wokovu ni zawadi, yule anayetumwa kuutangaza amefungwa na asili yake. Hawezi kuuuza, kwa kuwa si mali yake. Hawezi kuulazimisha, kwa kuwa zawadi iliyolazimishwa huacha kuwa zawadi. Wala hawezi kujisifu kwa idadi ya walioupokea, kwa kuwa Paulo amekwisha kumnyima sababu ya kujisifu. Haya si masharti ya adabu tuliyotungiwa na watu wa nje. Yanatoka ndani ya Injili yenyewe, na mhubiri anayeyavunja anaukana kwa mwenendo ujumbe anaoutangaza kwa kinywa.

Tuitazame hiyo feri. Abiria anayevuka asubuhi kwenda kazini hana pa kwenda. Mbele maji, nyuma maji, na mlango hautafunguliwa mpaka ng'ambo. Katika hali hiyo anasimamiwa na mtu mwenye kipaza sauti cha mkononi, anaulizwa kwamba chombo kikizama sasa hivi, roho yake itaamkia wapi. Nimelisikia swali hilo mara nyingi, na kila mara najiuliza kama muulizaji anakumbuka kwamba anasema na watu wa Likoni na Mtongwe, mahali ambapo kivuko kilizama Aprili 1994 na watu 272 wakafa maji. Miongoni mwa wanaomsikiliza wamo walioondokewa na mzazi au mtoto siku ile. Kuigusa hofu hiyo ili kumtoa mtu machozi, kisha kupitisha kofia kabla ya gati, ni jambo ambalo nakosa jina lake la heshima.

Paulo naye alihubiri hadharani, tena sokoni, kila siku, alipokuwa Athene. Kitabu cha Matendo kinaeleza kwamba walipomsikia akitaja ufufuo wa wafu, wengine walimdhihaki, wengine wakasema watamsikiliza tena siku nyingine, naye akaondoka akawaacha. Aliwaacha! Hakuwafuata akiwaambia kwamba kesho si yao. Na yule tajiri aliyemjia Yesu akiuliza afanye nini ili aurithi uzima wa milele, Injili ya Marko inasema Yesu alimkazia macho akampenda, akamwambia ukweli mgumu juu ya mali yake, na alipogeuka kwenda zake kwa huzuni hakuna aliyetumwa kumzuia mlangoni. Mwenye kuamini kwamba Mungu ndiye aokoaye anaweza kumwacha mtu aondoke na swali lake, kwa kuwa Mungu hakufika pamoja na mhubiri wala hataondoka pamoja na mhubiri.

Mombasa ina sababu zake za kulielewa jambo hili kuliko miji mingine. Mwana wa mfalme, Yusuf bin Hassan, alichukuliwa na Wareno akiwa mtoto, akalelewa Goa na watawa Waagustino, akabatizwa kwa jina la Dom Jerónimo Chingulia na kurudishwa hapa atawale. Mwaka 1631 aliasi, akamuua kapteni wa Ngome ya Yesu, akaurudia Uislamu, na Wakristo, Wareno na Waafrika, wakapewa hiari ya kuikana imani yao au kufa, wengi walikufa. Tunawaheshimu waliokufa, na ni haki yao. Lakini siwezi kuisoma habari ile bila kuona dhuluma mbili zinazofuatana: imani iliyopandikizwa kwa mtoto na dola iliyomhitaji, na imani iliyodaiwa kwa upanga kutoka kwa raia wake. Ya pili ilimwaga damu na ya kwanza haikumwaga, ila zote mbili zilikosea mahali pamoja, kwa kudhani kwamba moyo wa mtu huhamishwa kwa amri.

Linganisha na aliyekuja baadaye bila jeshi. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na shirika la kimisionari la Kanisa la Uingereza, CMS, alifika hapa mwaka 1844 akiwa na barua ya utambulisho kutoka kwa Sayyid Said, mtawala Mwislamu wa Unguja, na alipoanza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili alisaidiwa na kadhi wa Mombasa wa wakati huo. (Wanaosema kwamba Waislamu na Wakristo wa mji huu hawajawahi kufaana waikumbuke habari hiyo.) Julai mwaka huohuo mkewe Rosina na mtoto wao mchanga wakafa, wakazikwa ng'ambo ya Mji wa Kale. Kituo cha misheni cha Rabai kilianzishwa mwaka 1846 pamoja na Johannes Rebmann, ambaye alikaa pwani mpaka 1875, akaondoka akiwa kipofu. Na matunda? Mmoja wa wa kwanza kabisa alikuwa Mringe, mtu kilema, aliyebatizwa akiwa kitandani karibu na kufa. Kwa kipimo cha wahubiri wa leo, hao wawili walishindwa vibaya, na hakuna kampuni ya matangazo ambayo ingekubali kubandika picha zao kwenye mabango ya Buxton hapa mjini. Mimi nawahesabu kuwa wahubiri wa kweli, ingawa si kila walichoandika juu ya watu wetu kinanipendeza.

Habari za Frere Town, makazi ya misheni yaliyoanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa utumwani, ni ngumu zaidi kuzipima. Kengele yake, iliyolipa eneo la Kengeleni jina, ilipigwa kuwaonya watu wanapokuja wawindaji wa watumwa. Watoro walikimbilia huko, na Rabai pia, hata mwaka 1889 kampuni ya Waingereza iliyotawala pwani ikawalipa wenye watumwa fidia kwa watu wapatao 1,400 waliokuwa wamejificha katika vituo vya misheni. Mtu aliyemkimbia bwana wake, akapewa hifadhi, chakula na shamba, kisha akafundishwa katekisimu: alibatizwa kwa sababu alimwamini Kristo, au kwa sababu hakuwa na pengine pa kulala? Nadhani kwa wengi majibu yote mawili yalikuwa kweli kwa wakati mmoja, na vizazi vyao vya Wakristo thabiti ni ushahidi kwamba Mungu hufanya kazi hata katika mchanganyiko huo. Ila wamisionari wale walikuta mtu akifukuzwa wakamfungulia mlango. Ni jambo jingine kabisa kuitafuta njaa ya mtu na kuifanya mlango.

Na hilo ndilo ninaloliona likitendeka leo. Ukame unapoingia Ganze, Magarini au Kinango, magari ya misaada hufika, na mengine hufika na daftari. Pakiti ya unga na chupa ya mafuta hutolewa baada ya mahubiri, si kabla. Watu huombwa wanyooshe mikono, waongozwe sala ya toba, wapigwe picha, kisha ndipo foleni huanza. Hakuna anayemlazimisha mama yule kwa mdomo, na hakuna haja, maana watoto wake wamemlazimisha tayari. Atanyoosha mkono, na wiki ijayo akija Mwislamu na mchele atamwitikia naye, nani atamlaumu? Yesu aliwatuma wanafunzi wake akisema, "Mmepata bure, toeni bure." Unga utolewe kwanza, kwa kila mwenye njaa, bila kuulizwa dini, na anayetaka kubaki kusikiliza Neno abaki akiwa ameshiba. Msimamo huu si wangu peke yangu: Juni 2011 Vatikani, Baraza la Makanisa Ulimwenguni na Muungano wa Kiinjili Duniani, ambao kwa pamoja wanawawakilisha sehemu kubwa ya Wakristo wa dunia, walitoa waraka mmoja juu ya ushuhuda wa Kikristo katikati ya watu wa dini mbalimbali. Waraka huo unathibitisha kwamba kuitangaza Injili ni wajibu, na unakataa waziwazi kuwavuta watu kwa fedha na zawadi au kuutumia umaskini wao. Ningependa kujua ni wachungaji wangapi wa kaunti hii wameuona.

Kuna jingine ambalo halisemeki bila maumivu. Mwezi Aprili 2023 makaburi yalianza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, na miili zaidi ya 400 ikatolewa, mingi ikiwa ya watoto. Watu waliaminishwa kwamba kufunga hadi kufa ni njia ya kwenda kukutana na Yesu. Hukumu ya makosa ni kazi ya mahakama na siiingilii. Ninachosema ni cha mafundisho: anayeambiwa ajiue kwa njaa ili aurithi ufalme wa Mungu ameambiwa kwamba alichofanya Kristo msalabani hakitoshi, na kwamba bado kuna bei ambayo mwili wake lazima uilipe. Baada ya msiba ule tulisikia mengi juu ya leseni za makanisa na vyeti vya wahubiri, na mimi sipingi wahubiri wasome. Nilichokikosa mimbarani kilikuwa maelezo mepesi, yanayoweza kueleweka na kijana wa darasa la nane, kwamba wokovu umekwisha kulipiwa. Mtu aliyelijua hilo kwa moyo angekuwa na jibu la kumpa mchungaji wake siku ile alipoambiwa asimpe mtoto maji. Na kwa kipimo hichohicho, anayewaambia waumini watume "mbegu", yaani sadaka ya fedha, kwa simu ili baraka zifunguke amefungua duka lilelile, ingawa bei yake ni nafuu. Simoni mchawi alipotoa fedha apate uwezo wa Roho Mtakatifu, Petro alimwambia fedha yake ipotelee mbali pamoja naye.

Najua jibu litakalotolewa: wakati ni mfupi, watu wanakufa bila Kristo, na upole ni anasa. Nalichukulia jibu hilo kwa uzito, kwa sababu anayelitoa kwa dhati ana huruma kuliko Mkristo anayeishi jirani na mtu miaka 30 bila kumtajia tumaini lake. Makanisa hayasemi jambo moja juu ya hatima ya wasioisikia Injili. Mtaguso wa Pili wa Vatikani, yaani mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, mwaka 1964 ulifundisha kwamba wasiomjua Kristo bila kosa lao, wakimtafuta Mungu kwa moyo mnyofu, waweza kuupata wokovu. Wakristo wengi wa kiinjili hawakubali, wakishikilia kwamba ni lazima mtu amkiri Yesu kwa kinywa chake. Mimi nasimama karibu na hao wa pili kuliko wa kwanza, na bado sioni haraka hiyo inavyohalalisha vitisho. Mtaguso huohuo, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya uhuru wa dini, ulisema kwamba imani kwa asili yake ni tendo la hiari. Sala ya toba iliyotolewa kwa woga katikati ya maji haijawa imani kwa kuwa iliyasema maneno sahihi. Wakristo wa karne za kwanza, waliokuwa na sababu ya kweli ya kuona kwamba kesho huenda isifike, waliwafundisha wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, kwa muda mrefu kabla ya kuwabatiza.

Kwa majirani zetu Waislamu nasema hivi kwa uwazi: sisi tunatamani mmwamini Kristo, kama ninyi mnavyotamani tusilimu, na yeyote anayewaambia kwamba Mkristo wa kweli hana tamaa hiyo anawabembeleza. Tunaweza kuishi na tamaa hizo mbili katika mtaa mmoja, mradi kila mmoja aieleze imani yake mwenyewe badala ya kuichana ya mwenzake. Mihadhara ile ya kupigana kwa vitabu, mmoja ameshika Biblia asiyoiamini na mwingine Kurani asiyoijua kusoma, inashangiliwa sana, lakini sijakutana na mtu aliyetoka pale akiwa amemkaribia Mungu. Petro, ambaye hakuwa mtu wa tabia ya upole, aliandika: "Mwe tayari siku zote kumjibu kila mtu awaulizaye habari za tumaini lililo ndani yenu, lakini kwa upole na kwa hofu." Ili mtu aulize ni lazima kwanza awe ameona kitu, na jirani huanza kututazama kwenye kodi ya nyumba, kwenye mizani ya duka na kwenye mshahara wa msichana wa kazi.

Kwa wachungaji wenzetu wanaotuma vijana ferini, ombi langu ni dogo: wahubiri wasimame nje ya lango, Likoni na upande wa kisiwani, mahali ambapo anayetaka kusikiliza atasimama na asiyetaka atapita, na kofia isipitishwe. Vivyo hivyo kwa mikutano ya Injili ya uwanja wa Tononoka: waliojitokeza mbele wapelekwe kwa kanisa lililo karibu na kwao, hata kama si letu, wafundishwe polepole, na wasihesabiwe jukwaani kama mavuno ya mhubiri mgeni.

Nanyi, Mhariri, mna sehemu yenu. Matangazo ya mikutano ya Injili yanayoahidi uponyaji na utajiri wa hakika, ambayo magazeti huyachapa kwa malipo, yaandikwe wazi kwamba yamelipiwa. Na mwandishi wenu anaporipoti kwamba watu elfu kadhaa waliokoka katika mkutano fulani, amwambie msomaji ni nani aliyewahesabu na kama kuna aliyerudi mwezi mmoja baadaye kuwatafuta.

Wako katika Kristo,
Mzee wa kanisa,
Kisauni, Mombasa